USO WA JINO NA MAJI YA KISIMA
Kemia ya nyuso na tatizo la floraidi katika Mkoa wa Singida

Ilongero iko kaskazini ya mji wa Singida, na ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mtama, uwele na alizeti, yenye majabali makubwa ya graniti yaliyochomoza juu ya ardhi. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, aghalabu kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi. Kwa hiyo, kama ilivyo mahali pengi katika Mkoa wa Singida, uhai wa watu na mifugo hutegemea maji yaliyohifadhiwa katika malambo au yaliyomo chini ya ardhi.

Maji ya lambo yana tope na vijidudu vya maradhi. Maji ya kisima kirefu ni maangavu, na vijidudu vyake ni vichache zaidi. Hii ndiyo sababu visima virefu vimeokoa maisha ya watoto wengi katika nyanda kavu za Tanzania. Lakini maji yanayopita polepole katika nyufa za miamba huyeyusha baadhi ya madini ya miamba hiyo, na miongoni mwa madini hayo imo floraidi, yaani ioni ya elementi iitwayo florini. Mkoa wa Singida hutajwa pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi kupita kiasi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa viwango vinavyopatikana visimani mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Alama yake huonekana baada ya miaka, katika meno ya watoto, nayo ni madoa meupe kama chokaa au ya rangi ya kahawia ambayo hayaondoki kwa mswaki wala kwa mchanga.

Ili kufahamu jinsi madoa hayo yanavyotokea, na jinsi floraidi inavyoweza kuondolewa katika maji, hatuna budi kuitazama sehemu moja ya kemia-fizikia ambayo katika shule zetu hupewa nafasi ndogo. Sehemu hiyo ni kemia ya nyuso.

Uso ni mahali pa kazi

Kila kitu kigumu kina ndani na kina uso. Atomi iliyo ndani imezungukwa na wenzake pande zote, na nguvu zake zote za kushikana zimetumika. Atomi iliyo usoni ina wenzake upande mmoja tu. Upande wa pili uko wazi, na nguvu zake zilizobaki huweza kunasa molekuli au ioni yoyote inayopita karibu. Kunaswa huko ni tofauti na kufyonzwa. Sifongo hufyonza maji hadi ndani. Uso hunasa vitu vikabaki juu yake, kama vumbi juu ya ukuta uliopakwa rangi mbichi. Katika makala haya tendo hilo litaitwa unataji.

Kadiri kitu kinavyogawanywa vipande vidogo zaidi, ndivyo uso wake unavyoongezeka. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba yenye upande wa milimita 1, tunapata michemraba 1,000 yenye jumla ya uso wa sentimita za mraba 60. Ukisagwa hadi kila upande uwe sehemu moja ya elfu ya milimita, jumla ya uso hufikia mita za mraba 6, yaani sakafu ya chumba kidogo, ingawa uzito wa kitu chenyewe haukubadilika hata chembe.

Miongoni mwa waliofungua njia katika elimu hii ni Agnes Pockels wa mji wa Braunschweig, Ujerumani. Mwanamke huyu hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Alipima nguvu za uso wa maji nyumbani kwake kwa chombo alichokibuni mwenyewe, akaona jinsi utando mwembamba wa mafuta unavyobadilisha tabia ya uso huo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1891 katika jarida la Nature, kwa msaada wa mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza.

Aliyeipa elimu hii kanuni zake ni mkemia wa Marekani, Irving Langmuir (1881–1957). Baada ya kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1906, alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Electric, akichunguza gesi zinavyonata juu ya nyuzi za taa za umeme. Alitoa wazo lililo rahisi sana: uso ni kama ubao wa bao wenye mashimo yenye idadi maalumu. Kila shimo hupokea chembe moja tu. Chembe huingia na kutoka bila kukoma. Na pale ambapo zinazoingia ni sawa na zinazotoka, uso umefikia msawazo. Mwaka 1918 aliliandika wazo hilo kwa lugha ya hisabati, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya uchunguzi wake wa nyuso. Katika miaka iliyofuata aligeukia vitu vya uhai, akatandaza proteini juu ya maji katika utando wenye unene wa molekuli moja ili azichunguze. Tangu hapo kemia ya nyuso imekuwa daraja kati ya fizikia na biolojia, kwa sababu mambo mengi ya uhai hutendeka juu ya nyuso.

Jino kama uso ulio hai

Jino ni mfano mzuri wa jambo hilo. Sehemu yake ya nje, iitwayo enameli, ndiyo ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu. Takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na madini hayo ni fuwele ndogo sana za kalsiamu, fosfeti na haidroksaidi, ziitwazo haidroksiapataiti. Mifupa nayo imejengwa kwa fuwele za aina hiyohiyo, lakini zimechanganyika na proteini nyingi zaidi.

Kinywani, enameli haikai uchi. Dakika chache tu baada ya kupigwa mswaki, proteini zilizomo katika mate hunata juu yake na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo hulinda jino, lakini pia ndio mkeka ambao bakteria hukalia. Bakteria hao, hasa aina iitwayo Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikizidi, yaani pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, fuwele za usoni huanza kuyeyuka. Mate yakiisha kuiondoa asidi, kalsiamu na fosfeti hurudi na kujenga tena palipobomoka. Hivyo uso wa jino uko katika vita vya kubomoa na kujenga kila mara mtu anapokula. Jino huoza pale ambapo ubomoaji unaushinda ujenzi kwa muda mrefu.

Hapa ndipo floraidi inapoingia. Ioni ya floraidi ina chaji ileile ya ioni ya haidroksaidi, na ukubwa wake unakaribiana nayo sana. Kwa hiyo huweza kuchukua nafasi yake katika fuwele, kama mchezaji wa akiba anavyoingia uwanjani. Fuwele zinazopatikana ni ngumu zaidi kuyeyuka. Huvumilia asidi hadi pH ya karibu 4.5. Ndiyo maana dawa nyingi za meno hutiwa floraidi kidogo, na ndiyo maana mwaka 1945 mji wa Grand Rapids nchini Marekani ulikuwa wa kwanza kuongeza floraidi katika maji ya bomba.

Rafiki anapogeuka adui

Kisa cha floraidi, hata hivyo, hakikuanza na faida bali na madhara. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya sehemu zenye tatizo hilo akakuta floraidi nyingi. Baadaye H. Trendley Dean alionyesha kwamba floraidi ya miligramu 1 hivi katika lita moja ya maji hupunguza kuoza kwa meno bila kuleta madoa makubwa, na kwamba kadiri inavyozidi ndivyo madoa yanavyozidi.

Madoa hayo si uchafu, wala si dalili ya uvivu wa kupiga mswaki. Chanzo chake ni utotoni, meno yakiwa bado ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Enameli changa hujengwa juu ya kiunzi cha proteini, ambacho baadaye huondolewa ili fuwele zikue na kujaza nafasi. Floraidi ikizidi mwilini, uondoaji wa proteini hizo huchelewa, na enameli hubaki na vitundu vidogo ndani yake. Jino huota likiwa jeupe kama chokaa. Kisha rangi za vyakula na vinywaji huingia katika vitundu hivyo na kulifanya la kahawia. Jino lililokwisha kuota haliwezi tena kupata ugonjwa huu. Basi mwanafunzi mwenye madoa anayefichia kicheko chake kwa kiganja anabeba alama ya maji aliyoyanywa kabla hajaanza shule, na kumcheka au kumlaumu ni kumdhulumu.

Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, madhara hufika mifupani. Haba na haba hujaza kibaba: mfupa huhifadhi floraidi mwaka hadi mwaka, hata viungo vikakakamaa, mgongo ukauma, na miguu ya watoto ikapinda. Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham waliandika juu ya maradhi hayo katika sehemu za kaskazini za Tanganyika.

Floraidi hutoka wapi? Graniti ina madini kama apataiti, biotaiti na floraiti, ambayo yote yana florini. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa inayo pia. Kama maji yana kalsiamu nyingi, floraidi huungana nayo na kutuama. Lakini maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na hivyo floraidi hubaki imeyeyuka. Visima viwili vya kijiji kimoja huweza kutofautiana sana kwa sababu nyufa zinazovilisha ni tofauti. Hakuna njia ya kukijua kisima ila kukipima.

Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 1984 kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kuona kwamba sharti kali kama hilo lingefunga visima vingi vya vijijini ambavyo havina badala, mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikafikishwa 1.5. Nambari hizo zina maana kubwa kwa mhandisi wa maji: kisima kilichokubaliwa mwaka 1980 kinaweza kukataliwa leo, ingawa maji yake ni yaleyale.

Mfupa unaosafisha maji

Ikiwa fuwele za jino na mfupa hunasa floraidi kwa nguvu hivyo, kwa nini zisitumiwe kuiondoa katika maji kabla hayajanywewa? Wazo hilo lina umri wa karne moja hivi, na katika Tanzania limefanyiwa kazi katika Kituo cha Utafiti wa Uondoaji wa Floraidi huko Ngurdoto, Mkoa wa Arusha. Mwezi Oktoba 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto katika warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya jambo hili. Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru liliendeleza njia hiyohiyo kuanzia mwaka 1998.

Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 550 za Selsiasi. Nyama na mafuta huungua. Yanayobaki ni madini ya haidroksiapataiti yenye vitundu visivyo na idadi na kaboni kidogo. Mkaa huo huvunjwa kuwa punje kama za mchele, hukoshwa, kisha hujazwa ndani ya ndoo au pipa, na maji hupitishwa humo polepole. Gramu moja ya mkaa mzuri wa mifupa huwa na uso wa takribani mita za mraba 100. Ioni za floraidi zinapopita hunata juu ya uso huo na kuchukua nafasi za haidroksaidi, kama zilivyofanya katika jino.

Kazi hii hufanywa na madini, wala si weusi wa mkaa. Mkaa wa kuni, hata ukiwa mzuri namna gani, hauondoi floraidi kwa kiasi cha kufaa. Na uchomaji una siri yake. Moto ukiwa mdogo, mabaki ya nyama huyapa maji harufu mbaya. Moto ukizidi, fuwele hukua na kushikana, vitundu huziba, na uwezo wa kunasa hupungua. Kwa upande mwingine, baadhi ya watu huona vibaya kunywa maji yaliyopita katika mifupa ya mnyama wasiyemjua. Jambo hilo halitatuliwi kwa kanuni za kemia, bali kwa mazungumzo na uwazi juu ya mifupa ilikotoka.

Ndoo ya mkaa itafanya kazi siku ngapi? Hapa wazo la Langmuir ni lenye manufaa: mashimo ya bao yakijaa, mchezo umekwisha. Tuchukue mfano. Maji yana floraidi ya miligramu 6 kwa lita, nasi twataka ibaki miligramu 1. Kila lita itaacha miligramu 5. Familia ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, mkaa utanasa miligramu 100 kila siku. Kama kila gramu ya mkaa ina uwezo wa kunasa miligramu 2, kilo 10 zitanasa miligramu 20,000. Basi ndoo itatumika siku 200, chini ya miezi saba. Familia ikianza kutumia lita 40, siku hizo zitakuwa 100 tu.

Hatari iko katika siku ya mwisho. Mkaa uliojaa haubadiliki rangi. Maji hutoka maangavu kama siku zote, ila yana floraidi yote. Kwa hiyo kila mpango wa mkaa wa mifupa unahitaji daftari la siku na lita, na mtu wa kupima maji. Mkaa uliojaa huweza kuoshwa kwa magadi makali ya sodiamu haidroksaidi, ambayo huzitoa floraidi na kurudisha haidroksaidi mahali pake. Lakini hiyo ni kazi ya kituo chenye wataalamu, si ya jikoni.

Njia nyingine, na makosa yaliyozoeleka

Nchini India, katika miaka ya 1970, ilibuniwa njia iitwayo Nalgonda, inayotumia shabu na chokaa. Shabu ikiyeyuka hufanya mabonge laini ya alumini haidroksaidi, na floraidi hunata juu yake na kuzama pamoja nayo. Hii nayo ni kemia ya nyuso. Lakini shabu inayohitajika ni nyingi kuliko ile ya kutuliza tope, na vipimo vyake lazima visimamiwe.

Kuchemsha maji huua vijidudu, bali hakuondoi floraidi; maji yanayopungua kama mvuke huiacha nyuma, na yale yaliyobaki sufuriani huwa na floraidi kali zaidi. Kitambaa na mchanga haviizuii, kwa kuwa ioni ni ndogo mno. Magadi yanayotiwa katika maharage au mlenda ili kulainisha hustahili kuangaliwa pia, kwa maana uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na yamehusishwa na madoa ya meno hata mahali ambapo maji yana floraidi kidogo.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru. Bati lenye eneo la mita za mraba 40, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 24,000. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, hubaki lita 19,200. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, katika kiangazi cha siku 210, inahitaji lita 4,200. Kwa hiyo tatizo si uchache wa mvua, bali ni gharama ya tangi. Kama tangi ni dogo, maji yake na yapewe kwanza watoto walio chini ya miaka 8, kwa kuwa ndio ambao meno yao yangali yakijengwa. Kisima kitumike kwa kufulia, kuogea na kunyweshea mifugo.

Majaribio mawili ya shuleni

Jaribio la kwanza. Chukua vipande viwili vya mkaa wa kuni vyenye uzito sawa. Kimoja kiache kizima, kingine kisage kiwe unga. Tia kila kimoja katika glasi ya maji yenye matone machache ya wino. Koroga mara kwa mara kwa saa moja, kisha chuja kwa karatasi ya kuchujia. Linganisha rangi, na eleza tofauti kwa kutumia hesabu ya mchemraba iliyotolewa hapo juu.

Jaribio la pili. Paka dawa ya meno yenye floraidi upande mmoja wa yai bichi, ukiwa umetia alama kwa penseli. Liache kwa siku moja, lioshe taratibu, kisha litumbukize katika siki. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, si enameli, lakini nalo huliwa na asidi na kutoa mapovu. Angalia ni upande gani unaotoa mapovu mapema na mengi zaidi. Rudia kwa mayai kadhaa, kwani yai moja haliwezi kuwa ushahidi.

Baada ya majaribio hayo, mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi waorodheshe visima vya kijiji chao na kuuliza katika ofisi ya maji ya wilaya ni vipi vilivyopimwa floraidi, lini, na matokeo yakawa nini. Kisima kisicho na jibu ndicho kinachostahili kupelekewa chupa ya kuchukulia sampuli kabla ya vingine vyote.